Mguu wa Kumi na Nne

Nilianza na ubao mtupu
na mchoro nilionakili kwa penseli
mwaka themanini na saba, zamu ya usiku, Idara ya Simu,
kutoka mashine ya mgeni mmoja wa mkonge kule Mlingano.
Aliileta kwetu imezimia,
akaondoka nayo imezinduka.
Siku tatu tu ilikaa mezani kwangu.
Karatasi ile nimehama nayo nyumba nne.

Sasa nimestaafu. Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili,
chumba cha uani, kati ya pipa la maji na banda la kuku.
Wananiita Mama Waya.
Sikatai, nimeitwa mabaya zaidi na wakubwa wa kazi.

Chipu nane za kumbukumbu nilizing'oa
kwenye mashine ya mishahara ya kiwanda cha kamba kilichofungwa:
ziliwahi kujua nani anadai nini, zikasahau.
Ubongo ulitoka Gerezani, Dar,
umefungwa gazetini kama karanga za shilingi mia.
Kasha alilichonga Shekiondo, kwa mvule uliobaki kwenye mlango wa mtu.
"Jeneza la nani hili, dogo hivi?"
Nikamwambia, toboa matundu ubavuni,
atakayelala humu anapumua moto.

Maungio mia tisa na kumi na mawili.
Nimeyalehemu moja moja, miwani miwili usoni,
moshi wa lehemu ukiwakohoza kuku.

Alhamisi, baada ya isha, nikawasha.
Runinga ya rangi mbili, masalia ya hoteli,
ikanionyesha kanga ya mistari:
mweusi mmoja baada ya kila saba myeupe,
toka juu hadi chini.
Kanga isiyo na jina.
Niliisoma usiku kucha, haikusema kitu.

Mbaruku wa jirani akaja asubuhi na simu yake.
"Bibi, hii ina kumbukumbu mara milioni ya hiyo.
Unaijenga ya nini?"
Jibu sikuwa nalo. Nikampa tochi, amulike.
Macho ya miaka kumi na moja hayaombi miwani:
"Jongoo huyu kakunja mguu."
Chipu ya sita, mguu wa kumi na nne,
umejikunja tumboni kama wa kuku anayelalia.
Wiki nzima niliapa nimeshaukagua!
Nikaunyoosha kwa pini ya ushungi.

TAYARI, ikasema.

Ndiyo, kwa Kiswahili. Maneno yake ya ndani nilikuwa nimeyabadili,
kazi iliyokula usiku mwingi kuliko lehemu.
ANDIKA. NENDA. RUDI. KAMA, halafu BASI.
Neno la kosa ndilo lililonitoa jasho:
palikuwa na nafasi ya herufi tisa, haiongezeki.
Nikaweka SIJAELEWA.
Mashine iliyolelewa Tanga haimwambii mgeni amekosea.
Inajitwika yenyewe.

Mbaruku akaandika jina lake, akabonyeza.
SIJAELEWA.
Akacheka mpaka akakaa chini.
Kisha akafundishwa, na jina likashuka kioo kizima,
mbaruku mbaruku mbaruku,
hadi umeme ukakatika
na mashine ikatusahau wote wawili.

Kwa hiyo kanda. Nilikuwa na moja tu,
harusi ya dada yangu Zuhura, upande wa pili,
uliobaki wazi kwa sababu mpiga kanda alilewa.
Ndoa haikudumu. Kanda imedumu.
Nikahifadhi humo kazi ya Mbaruku, milio kama nyenje kwenye bati.
Umeme uliporudi nikairudisha, jina likasimama,
lakini nikachelewa kuizima redio, nikasahau pia
kwamba hadi mwisho wa upande ule yule mlevi
alikuwa ameamka:
vigelegele, wanawake arobaini, mama yangu mmoja wao,
vikaingia kwa waya moja kwa moja ubongoni.

Mashine ikasikiliza. Ikasikiliza sana.

SIJAELEWA.

Nimeifunga kasha. Skrubu moja imebaki kiganjani,
sijui ya wapi.
Inafanya kazi bila hiyo.
Nimeiweka kwenye kikombe, isipotee.