Dakika Tatu za Kiingereza Chepesi

Yote yalianzia kwenye mkutano wa wazazi.
Mwalimu mkuu alisema jambo refu, mikono ikapanda,
nami nikaupandisha wangu, nisibaki kama kisiki.
Kumbe nimekubali kulipia basi
ambalo Ndanu hatalipanda hata siku moja:
shule iko ng'ambo ya reli, anatembea.

Jioni hiyo akaniwekea habari ndani ya simu.
"Mama, ni dakika tatu tu. Anasoma polepole."
Waya wa sikio la kushoto ulikatika zamani,
basi Kiingereza huniingia kwa upande mmoja;
upande wa pili ni cherehani za Gikomba
na Nyanchera akigombania bei ya zipu.

Msomaji ana sauti ya mtu aliyekula akashiba.
Huweka neno, hungoja, huweka lingine,
kama anayepanga vikombe mbele ya wageni.
Wiki ya kwanza alisema bia imeingia dukani
mchana kweupe, huko Japani, watu wakakimbia.
Bia ikiingia dukani, watu hukimbia kwenda wapi?
Nikarudia. Nikarudia tena. Ina miguu minne. Ina kucha.
Ndanu akachukua chaki yangu ya kukatia nguo,
akachora juu ya kitambaa cha sare: dubu.
Tulicheka hadi jirani akagonga mabati.

Nikajifunza kwamba wao humeza mikia ya maneno,
kwamba jana yao hujificha ndani ya herufi moja
ambayo usipokaa chonjo imeshapita.
Yetu husimama wima katikati ya kitenzi,
-li-, kila mtu aione.

Kisha ikaja mvua ya Aprili.
Alhamisi moja nakunja mapindo ya sketi,
godoro langu bado linachuruzika juu ya paa kule Mukuru,
akasema: mto umevunja benki zake.
Nikacheka peke yangu. Mto jambazi!
Nikamtafsiria Nyanchera, naye akacheka,
akasema hata mito sasa imechoshwa na ufukara.
Msomaji akaendelea, kikombe, kikombe:
nyumba arobaini. Usiku wa Jumanne. Nairobi.

Hilo la mwisho sikulirudia.
Benki, kumbe, ni kingo.
Nilielewa kila neno, kwa mara ya kwanza kila neno,
na habari yetu ilikuwa fupi
kuliko foleni ya choo chetu asubuhi.

Mwishoni huwa kuna maswali matatu.
Nyumba ngapi? Nikagusa arobaini. Kijani.
Lini? Jumanne. Kijani.
Nani aliwaokoa watu?
Wazima moto, wanajeshi, au wanafunzi.
Otuoma hakuwemo,
Otuoma wa mkokoteni, aliyefunga kamba kwenye nguzo ya stima
akapita mara nne katika maji ya kifuani.
Nikabonyeza mahali peupe, katikati ya majibu,
nikabonyeza mpaka kioo kikapata joto.
Mbili kwa tatu, simu ikaandika. Jaribu tena.

Usiku, Ndanu alipolala, nikaisogeza simu mdomoni,
nikaisomea habari kwa Kiswahili, polepole,
nikiacha nafasi baada ya kila neno iweze kunifuata.

Maji yaliingia saa saba. Yalinuka dizeli.
Nyanchera alitoka na cherehani ya kukodi kichwani.
Otuoma alirudi mara nne.
Mara ya tano alileta kuku.
Hakuna aliyejua ni wa nani.
Tulimfunga mguu kwa uzi wa sare.
Jana alitaga.

Haya. Sasa maswali.