Shoto

Kitabu kilisema: msaidizi hukaa saa tatu.
Mimi, mtoto wa Kangagani, nikaihesabu saa kama tunavyoihesabu,
nikakivuta kigoda hadi mshale unapofika maduka ya Wete yakifunguliwa,
nikajikuta mapajani mwa daktari Shaame.
Bi Mkasi akacheka hadi barakoa ikamvuka pua.
"Tisa yetu, mwanangu. Tisa ya alasiri. Zunguka."

Nikazunguka. Kulia nikapewa mrija.

Mrija una njaa isiyochagua:
hula mate, hula damu, hula maji ya keekee,
ukiuachia utakula na shavu,
utaung'ang'ania ulimi kwa sauti ya mtoto anayemaliza dafu.
Ulaze. Mdomo wake uelekee jino, mgongo wake uzuie shavu.
Utangulie, maji yasijafunguliwa.
Na kule nyuma, penye kilimi, usibishe hodi.
Siku ya kwanza nilibisha;
mzee mmoja wa Gando akanirudishia uji wote wa asubuhi.

Hayo niliyaweza.
Kilichonishinda ni kutoa.

Bibi yangu Bikombo aliwahi kunichapa kiganja
kwa kumpa jirani chumvi kwa shoto.
Sasa kulia kumeshikwa na mrija,
na daktari anafumbua vidole bila kuinua macho:
kioo, koleo, pamba, vyote kwa shoto,
chini ya kidevu, kamwe si juu ya macho ya mtu,
kidole cha mwisho kikipokea kilichotumika
huku gumba na wenziwe wakikabidhi kipya.
Nami kimoyomoyo, hata ikawa sauti:
samahani, shoto.
Kioo. Samahani, shoto.
Koleo. Samahani, shoto.
"We Raya," akasema daktari,
"unamwomba radhi nani, mimi au gego?"

Msimu ukaingia. Akaja Mbarouk, mchuma karafuu,
kucha nyeusi kwa utomvu, usiku wa tatu hajalala.
Ganzi. Keekee. Mrija ukanywa.
Bi Mkasi akafungua kichupa cha kukorogea dawa ya kuzibia
na harufu ikapanda chumba kizima.
Mdomo wazi, hana la kusema,
lakini macho yakamcheka: hii si ya kwetu hii?
Kiganja cha daktari kikafunguka, kitu kikawamo.
Kikafunguka tena, kikawamo.
Ni baadaye, nikiosha vyombo, ndipo nilipokumbuka
kwamba sikuomba radhi hata mara moja.

Ila kabla ya hapo aliinuka,
kulia kalikamata shavu kama yai,
kwa mkono uliobaki akachota mfukoni
konzi ya karafuu kavu, akaninyooshea.
"Hamahani," akasema, mate yakimponyoka, "hoto."

Kulia kwangu kulikwisha kuufuata mrija.
Nikapokea kwa ule uliokuwa wazi.