Mcheza Kwao

Mashine iliniuliza swali moja tu:
msimbo wa posta.
Nikaandika. Ikafikiri kidogo, kama mtu anayekoroga chai,
kisha ikasema: Karibu, mwenyeji. Chagua kiti.

Miaka kumi na moja Grimsby
na hakuna aliyewahi kunitamkia neno hilo.
Wizarani nimepeleka bili za gesi, bili za maji,
picha za ndoa, barua ya meneja, alama za vidole vyote kumi;
faili langu bado wanalitazama.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe:
mimi ya tatu nilipewa kisu na aproni ya mpira,
nikasimama mbele ya mkanda wa hadoki
hadi mikono ikasahau joto.
"Unatoka wapi?" waliniuliza wakati wa chai,
kwa wema, kila mwaka, watu walewale.

Lakini Jumamosi inakuja timu kubwa,
ile yenye mashabiki hadi mwezini,
na klabu yetu imeogopa kumezwa sebuleni kwake.
Tiketi ni za wakazi tu,
moja kwa kila anwani,
wa mbali wasijisumbue.
(Uwanja wenyewe, mniwie radhi, hauko Grimsby.
Uko Cleethorpes. Kila bao letu la nyumbani
tunalifungia ugenini.)

Kabla sijalipa, Trevor Cribb akapiga simu kutoka Leeds.
Ndiye aliyenifundisha kung'oa mfupa kwa mkupuo mmoja
na kumtukana refa bila kumtaja mama yake.
Miaka arobaini na miwili, kiti kilekile.
Babake alizimia pale dakika ya themanini,
akazinduka, akauliza ni ngapi ngapi.
Goti lilipomshinda Trevor, bintiye akamchukua;
sasa msimbo wake ni wa Leeds
na mashine imemjibu: Samahani.
"Mimi ndiye mgeni," akasema, akacheka,
kicheko kikakwama mahali.

Nikamwambia nanunua, njoo uingie wewe.
Akanyamaza. Nikasikia televisheni ya wajukuu.
"Jina litakuwa lako. Nenda.
Safu ya K, kiti cha tisa, kama kiko wazi.
Kina msumari upande wa kushoto. Angalia suruali."

Kilikuwa wazi.

Kando yangu alikaa mtu wa koti la kijivu,
hana skafu, hana rangi yoyote.
Watu wakiimba, midomo yake inachelewa neno moja.
Dakika ya ishirini na tatu wageni wakafunga.
Uwanja ukazimika kama taa.
Yeye akainama kukaza kamba za viatu,
na viatu vyake havikuwa na kamba.

Nikamjua palepale.
Anwani ya shemeji, au ya binamu,
na shangwe kaimeza na miiba yake.
Mchezo huo mimi ni bingwa:
nimekaa vyumba vingi vya kungojea
nikicheka nusu sekunde baada ya wenzangu.

Mzee wa nyuma akamgonga bega.
"Wewe, unatoka wapi?"
Akanigeukia mimi, sijui kwa nini mimi.
"Yuko nami," nikasema,
kwa Kiingereza changu cha Tanga
kilichokaangwa kwa mafuta ya Grimsby.
Mzee akaridhika, akarudi kumlaani golikipa.

Tulifungwa tatu bila.
Mcheza kwao hutunzwa, walisema wahenga,
wakaenda zao bila kututajia msimbo.
Yule wa koti alinisogezea chipsi zilizobaki,
hakusema kitu, nami sikuuliza.
Nilipoinuka nikasikia kitambaa kinalia chini ya nyonga.

Nje, upepo wa baharini unapenya tundu jipya,
simu ikaita.
Trevor hakuuliza matokeo.
"Msumari bado upo?"
"Upo," nikasema.