Vichochoro vya Pembeni

Kiwanja chetu kiko nyuma ya nyumba za reli, Nakuru:
udongo mwekundu uliochujwa kwa chandarua kikuukuu,
mistari ya chokaa tunayoichora wenyewe Jumamosi alfajiri,
Jebiwott ameshika kamba, mimi ndoo.
Tukimaliza, mikono yetu myeupe
kama ya wakanda chapati.

Mkicheza wawili, vichochoro vya pembeni ni vyenu.
Ukicheza peke yako, mpira ukiangukia humo ni wa nje.
Chokaa ileile, ndoo ileile, lakini nje.
Hilo sijawahi kulielewa vizuri:
kiwanja kinapunguzwa mapana,
na bado nikisimama humo pekee
kinatanuka kama Afraha siku isiyo na mechi.

Kocha Mbugua anapenda hesabu.
Anapiga mstari kwenye daftari la madeni ya mipira:
"Wa mmoja mmoja ni ugali.
Wawili wawili ni mchuzi."
Kisha anafumba jicho lile linaloonewa na vumbi la Menengai.
"Wewe, Nafula, una mkono wa wavuni.
Na mkono wa wavuni hauli peke yake."
Nilitaka kumwuliza kama hiyo ni sifa
au rambirambi.

Mama anauza viatu vya mtumba Bondeni,
kwa hiyo mambo ya jozi anayajua.
"Kiatu kimoja," anasema, "hata king'ae vipi,
hakuna mguu utakaokilipia."
Nikafurahi. Nikadhani yuko upande wangu.
Kumbe alikuwa anatafuta sindano tu:
"Ila bei ya jozi, mwanangu, ni bei moja.
Igawe kwa mbili. Toa nauli. Toa nyuzi za raketi.
Haya, niambie umebaki na nini."

Jebiwott hasemi.
Anaupiga ukuta wa stoo mipira mia mbili kila jioni,
na ukuta unamrudishia yote,
hauchoki, haumwulizi anakokwenda.

Agosti tulipelekwa Kisumu.
Saruji, jua, joto la ziwani
limelala mabegani kama mtoto mzito.
Nilicheza peke yangu, mara ya kwanza mbele za watu.
Nne kwa nne. Binti wa upande ule akaurusha mpira juu,
juu kabisa, ukamezwa na mwanga,
ukaanza kushuka katikati, nyuma ya bega langu la kushoto,
pale ambapo kwa miaka minne sikuwa nikiangalia,
na nikapaza sauti:
"Yako!"

Ukadunda ndani ya mstari.
Ukadunda tena, polepole,
ukaenda kujilaza kwenye uzio.

Walicheka. Hata mwamuzi aliinamisha kofia.
Nami nilicheka, mpaka nikauona mkono wangu
umenyooka nyuma, kiganja wazi,
kama mtu anayepitisha sahani.
Ndipo nikageuka.
Nje ya uzio Jebiwott, chupa ya maji mkononi,
alikuwa ameshapiga hatua mbili.

Hatujaizungumzia.

Fomu ya akademia ina visanduku viwili.
Yeye amejaza chake kwa wino:
mmoja mmoja, sahihi ya baba yake chini,
herufi zimesimama wima kama askari.
Sikumlaumu. Ana mgongo wa kubeba kiwanja kizima,
nami nilikuwa wa kwanza kumwambia hivyo.
Yangu iko chini ya godoro. Nimetumia penseli.
Nimefuta mara tatu, karatasi imeota manyoya.

Jumamosi tulikutana kama kawaida, yeye kamba, mimi ndoo.
Ukungu ulikuwa bado haujaamua kuondoka.
Tukachora mstari wa nyuma, tukachora wa kati,
tulipofika pembeni akasita,
akachungulia ndoo.
Chokaa ilikuwa imebaki kiganja kimoja,
labda viwili.

"Vichochoro tuviache?"

"Tuanze na hivyo," nikasema,
"kabla haijaisha."
Akaivuta kamba ikakaza.