Makharija

Be hutoka midomoni. Mimu hutoka midomoni.
Kha ina nyumba yake juu ya koo, jirani na kilimi.
Hivi alitufundisha Maalim Shufaa, mamangu,
chumba cha chini, Langoni, miaka thelathini na mitatu,
kidole chake shingoni mwetu: "Hapa. Itoe hapa."

Ya kwanza kuondoka ilikuwa be.
Alimwita Badi dirishani; punda aligeuka, Badi hakugeuka.
Kisha re ikalala chini ya ulimi, isiamke.
Binamu wa Jomvu alikata simu, akasema laini mbovu.
Jirani akasema: jicho.
Jirani wa pili: meno ya bandia hayo.
Daktari wa Mombasa alichora ubongo nyuma ya risiti,
akasema neva zinazoamrisha misuli zinakufa,
na mama, aliyesahihisha kila mtu,
alimtazama tu.

Sasa nasoma yasiyo kitabuni.
Kwamba maji, wepesi wake wote, ndiyo mazito kumeza:
hukimbia, yakakosea mlango, yakaingia kwa pumzi,
akakohoa hadi kope zikalowa.
Kwamba uji ukishika mwiko ndio salama.
Kidevu kifuani, mama, kama unasoma.
Kijiko. Ngoja. Meza. Meza tena.
Punda watatu wamepita na mchanga wa ujenzi,
wamerudi watupu,
sisi bado tuko kijiko cha tisa.
Udenda namfuta kwa leso;
naikunja, jina lake likae ndani.

Wageni humpazia sauti kama kiziwi,
kisha huniuliza mimi, juu ya kichwa chake: "Anaelewa?"
Anaelewa.
Anaelewa hata mnayoyameza.

Kalamu haishiki tena, basi tuna ubao,
ule ule wa wanafunzi, herufi zilizofifia kwa vidole vyetu.
Napitisha changu; akifumba macho, nasimama.
Jana usiku nilijua ni wasia. Moyo ulinienda mbio.
Chimu.
Mimu.
Nikakisia: chumba? Chama? Chombo, mama, chombo gani?
Macho yakakasirika, yale ya zamani, ya mwanafunzi mzembe.
Ve, yenye nukta tatu.
Chumvi.
Uji hauna chumvi.
Nilicheka hadi nikalia, au nilianza na kulia,
sikumbuki; taa ilikuwa imezimwa mtaa mzima.

Alasiri huja Shee, mtoto wa Bi Zena, na juzuu yake.
Hakuna aliyemwambia asije.
Anakaa mkekani, anasoma "Alhamdu"
kwa ha ya pumzi tupu, ha ya mtu aliyechoka kupanda ngazi.
Pete inagonga ubavu wa kitanda: ko.
Anarudia.
Ko.
Anajishika shingo, anaitafuta katikati ya koo,
nami nimesimama jikoni, chumvi kiganjani,
mate yangu mwenyewe nimesahau kuyameza.