Si Pacha

Usinunue pacha, aliniambia Ambwene,
huku mwenyewe akinisogezea pacha:
diski mbili, lebo moja, tarehe moja,
kiwanda kimoja, labda zamu moja ya usiku.
Zikianza kuugua, zitaugua wiki moja.
Chukua moja hapa kwangu, akasema,
ya pili kanunue kwa adui yangu, ng'ambo ya barabara.
Muuza duka anayekutuma kwa jirani
ama ameokoka, ama anajua utarudi.

Nilikuwa na laki mbili na themanini ndani ya soksi:
harusi ya Itende, kipaimara cha Uyole,
na msiba wa Iyunga walionilipa nusu,
nusu nyingine wakanipa gunia la viazi.

Nikapiga hesabu kama mama anunuavyo mbegu:
bei tumeisikia, sasa igawe kwa ujazo.
Mpya, terabaiti moja, bado imo kwenye nailoni: laki na ishirini.
Mtumba, terabaiti nne: laki na thelathini na tano,
ila imekwisha kimbia saa elfu arobaini na moja
katika ofisi fulani, nchi fulani,
ikitunza madeni ya watu nisiowajua.
Nikagawa kwa ishirini na nne, nikagawa tena:
miaka minne na miezi minane bila kulala.
Hata mimi mtumba, nikawaza,
na kamera bado naibeba.

Ambwene akaichomeka. Nikatega sikio.
Nje bodaboda, nje mhubiri wa Kabwe na spika yake,
ndani mluzi mwembamba, sawasawa,
kama mtu avutaye uzi mrefu usio na fundo.
Hii.
Pacha wake akagonga: tak. Kimya. Tak.

Naijua hiyo tak.

Naijua tangu Machi, umeme ulipokatika, ukarudi, ukakatika,
mara tatu kabla sijaifikia swichi,
na diski yangu ya pekee, niliyokuwa naiita ghala,
ikaanza kubisha hodi kutoka ndani.
Miaka kumi na mmoja ya vigelegele vya watu.
Wiki ileile akaja Tusekile, mvua imemlowesha mabega.
Ile harusi yangu, unayo bado?
Siitaki harusi, bwana harusi yuko Tunduma na mwingine.
Nataka pale mama anapocheka,
sahani ya pilau ilipommwagikia mwenyekiti wa kamati.
Mama tulimzika Januari.
Nikamwambia, njoo Jumatano.
Jumatano nikamwambia, njoo Jumatano.

Ya pili nikaipata kwa adui, laki na arobaini,
baada ya kuikataa moja yenye saa sifuri
na vumbi la miaka mitano kwenye matundu ya skrubu.
Kaka, hiyo saa umeirudisha nyuma wewe.
Akacheka, akatoa nyingine chini ya meza.
Nikabaki na elfu tano, nauli na maandazi.

Sasa zimelala ndani ya kasha la kompyuta
lililouzwa kwa mnada, limebandikwa jina la shule.
Hazifanani hata rangi. Moja ikiandika,
nyingine inanakili, kama wanafunzi wa dawati moja
ambao mwalimu, kwa mara ya kwanza, amewaruhusu.
Sikuziamini siku hiyo. Nikazikesheza:
andika, soma, futa, andika tena.
Feni sikununua. Ni Julai; nimefungua dirisha,
baridi ya Loleza inashuka bila risiti.

Alfajiri nikasoma majibu. Sekta mbovu:
ya Ambwene, sifuri. Ya adui, tatu.
Tatu nitazichunga, kila mwezi nitazihesabu.
Juu ya kasha, Lusungu ameanika soksi zake za shule
na zimekauka.

Nikafungua folda ya kwanza, nikaiandika: Tusekile.
Ndani hamna kitu.
Nikaiacha hivyo,
ikajinakili mara mbili.