Kidirisha

Kilikuja na simu, sikukichonga mimi:
kisanduku cheupe, pembe kali kama bati lililokatwa,
chachipuka katikati ya skrini bila hodi,
chamkazia mtu macho na kumwuliza:
UNA UHAKIKA?

Bi Somoe, mshika hazina wa chama cha Langoni,
aliniwekea simu mezani, juu ya unga wa mahamri.
"Mwanangu, hiki kitu chako hakina adabu.
Mtu mzima haulizwi kama ana hakika.
Tena chaniziba njia, kama punda wa matofali kichochoroni."

Nikacheka. Nikarudi ghorofani kwa mjomba,
feni imelala, umeme umekatika tangu adhuhuri,
kompyuta yala asilimia zake za mwisho.
Nikaanza na pembe.
Nikazipinda pikseli nne; bado zakata.
Nane. Kumi na sita,
hata zikakaa kama ukingo wa sinia la shaba.
Weupe nikaupunguza ukali, ukawa wa chokaa
ya ukuta ulioonjwa na chumvi.
Kivuli nikakivuta chini, chepesi,
maana kwetu kitu kisicho na kivuli huogopwa.
Nyuma yake nikatia giza, asilimia arubaini tu:
orodha ya majina iendelee kuonekana,
mtu asidhani ametolewa nyumbani mwake.

Vitufe viwili vilikuwa vimebanana
kama mabinti katika picha ya arusi.
Nikavitenganisha upana wa kidole gumba,
kidole cha Bi Somoe hasa, nilikipima,
chenye piko kuukuu na kovu la mafuta ya moto.

Ijumaa, baada ya sala, nikampelekea.
Akagusa. Kikainuka polepole,
milisekunde mia tatu,
nilizozipima kama sukari ya mgonjwa.
"Kizuri," akasema.
Asibonyeze.

Ndipo nami nikasoma kilichoandikwa,
mimi niliyekipaka rangi siku tatu nisikisome:
Futa Mwanamize binti Kombo?
Ndiyo. Hapana.

Mwanamize wa nambari saba,
aliyeleta mchango wake umefungwa katika ncha ya leso.
Alizikwa Rajabu, na huu ni Mfungo Pili,
na programu yangu, kila mwisho wa wiki,
yamtoza faini ya kuchelewa.

"Mwezi wa nne huu nafika hapa," akasema Bi Somoe,
"kidole chagoma.
Hufutwa ubao. Hufutwa deni.
Mtu hafutwi."

Sikuwa na jibu; nilikuwa na kompyuta.
Nikakaa pale pale, kando ya karai,
nikaliondoa neno moja,
kazi ya kupepesa jicho.
Nikaandika: Mpumzishe.
Na palipokuwa na Hapana: Bado.
Faini nikaisimamisha. Hiyo haikuwa kazi ya urembo,
lakini nani angeniuliza.

Akasoma, midomo ikitembea.
Akakipangusa kioo kwa upindo wa kanga,
akarudia, kana kwamba ni uso.
Kisha kidole kikashuka na unga wake

kikabonyeza Bado.

Kidirisha kikajikunja, taratibu, nilivyokifunza,
na nambari saba akabaki mahali pake
kati ya sita na nane.